Gauni la Satini na Mchuzi wa Changu

Aogopaye mchuzi, karamu humpita.

Mmeisikia methali hii sasa hivi, wajukuu zangu, shangazi yenu alipomwambia Lailati, aliyesimama kule ukutani kalikusanya gauni lake jipya kwa mikono miwili, huku wenzake wameketi mkekani wanakula pilau ya harusi. Mmecheka, kisha mmeniuliza imetoka wapi, maana shuleni hamkufundishwa. Shuleni mngeipata wapi? Haikuzaliwa zamani za mababu. Ilizaliwa kwa majirani zangu, ukuta kwa ukuta, na mimi nimeijua tangu ikiwa changa. Sogeeni niwaeleze ilivyoanza. Lailati naye asikilize hapo hapo alipo, kama kukaa hataki.

Hapa Lushoto palikuwa na fundi cherehani, Fundi Shekiondo. Kuanzia Soni mpaka Mlalo, bibi arusi ambaye hakushonewa na Fundi Shekiondo alihesabiwa kuwa kaolewa kwa haraka. Mkono wake wa kulia ulikuwa mwepesi, na alikata kitambaa bila kukichora chaki. Mkewe, Bi Mwanaidi, miaka yote hiyo alivaa mabaki. Vipande vilivyosalia vya wateja vilikusanywa, vikaungwa, vikawa gauni lake la Idi. Hakunung'unika. Mganga hajigangi, alikuwa akituambia, na mke wa fundi hashonewi.

Mwaka mmoja, watoto wao wote wakiwa wameshaoa na kuolewa, Fundi alinunua satini ya rangi ya maziwa, jora zuri. Akafunga mlango wa kibanda chake, akamshonea mkewe gauni la mikono mipana, na mwisho wa kila mkono akatia tarizi ya uzi wa dhahabu. Yeye mwenyewe akajishonea kanzu yenye tarizi ile ile kifuani, iwe sare. Alipomaliza alimwambia mkewe kuwa watateremka Tanga kutembea, kama walivyoteremka walipokuwa maarusi wachanga. Safari ile ya kwanza walikwenda kununua cherehani, na walipoilipia kilichobaki kilitosha sahani moja tu ya wali na mchuzi wa nazi wa samaki changu. Waliila pamoja kwenye mgahawa wa Ngamiani, bega kwa bega, cherehani iko chini ya meza. Safari hii, Fundi alisema, kila mtu atakuwa na sahani yake.

Lakini mipango si matumizi. Wiki haikupita, Fundi akaanguka kibandani kwake. Kiharusi kikampiga upande wote wa kulia.

Bi Mwanaidi alikaa naye hospitali tangu siku ya kwanza. Mume hasemi, hanyanyui kidole, macho tu ndiyo yanamfuata. Alituhadithia baadaye kwamba aliishiwa na dua za kufundishwa, akabaki na maneno yake mwenyewe. Alikuwa akisema, "Mola wangu, nirudishie hata nusu yake. Nusu nyingine sitakuuliza iko wapi."

Na Mola alimsikia. Ulimi ulirudi. Mguu ulirudi, ukawa unataka bakora tu. Mkono nao ulirudi, ila ulirudi ukitetemeka, na haukuacha tena kutetemeka. Kutunga uzi kwenye sindano ikawa ndoto. Cherehani ikafunikwa kanga kuukuu, na lile gauni la satini likawa kazi ya mwisho ya mkono wa Fundi Shekiondo. Bi Mwanaidi alilikunja ndani ya shuka safi, akaliweka chini kabisa ya sanduku. Hata sisi majirani alituonyesha kwa mbali.

Mwaka uliofuata watoto walichanga, wakawaambia wazazi wao waende ile safari ya Tanga, iwe shukrani kwa afya ya baba. Hapo ndipo Bi Mwanaidi alipoanza kupanga, na alipanga mpaka tukamcheka. Aliwauliza watu wote waliowahi kufika Tanga: wapi wanapika nini, meza zao zikoje, watu wanakaa karibu karibu au mbali mbali. Kisha akatenga nguo, bunda moja kwa kila mlo, kila bunda kalifunga kwa ukanda wa kanga. Hili la chai ya asubuhi, hili la mchana Ngamiani, hili la jioni. Fundi aliyatazama mabunda yale yalivyopangwa kitandani, akauliza kama wanaokwenda Tanga ni wao au ni nguo.

Alichokijua Bi Mwanaidi peke yake ni kwamba mpango ule wote ulikuwa na shabaha moja. Fundi alikuwa mtu wa dini na wa adabu. Kula kwa mkono wa kushoto hakukubali hata alipokuwa mgonjwa. Alikula kwa ule ule wa kulia unaotetemeka, na kila kilichokuwa na majimaji kilimwagika: kifuani, mezani, kwa aliye jirani. Nyumbani mkewe alimtandikia kitambaa, mambo yakaisha. Mjini je? Basi akachagua vyakula vikavu vitupu. Asubuhi mahamri, mbaazi hapana. Mchana mishkaki na chapati. Jioni samaki wa kukaanga. Fundi alivishwa nguo nyeusinyeusi zisizoonyesha doa, akakalishwa pembeni uso ukielekea ukutani, na mke akakaa upande wa pili wa meza.

Siku ya kwanza Fundi alikula alichowekewa. Siku ya pili, wakiwa Ngamiani, karibu na pale walipokula zamani, harufu ya mchuzi wa nazi iliwajia kutoka jikoni, akanyanyua kichwa. Alimwambia mkewe kwamba angependa kuuonja. Bi Mwanaidi akasema kuwa mchuzi wa mjini una pilipili nyingi, utamdhuru, akamwagizia mishkaki mingine. Fundi akala kidogo, akashukuru, akaomba warudi wakapumzike. Jioni yake hakutaka hata kutoka nje kutazama mji. Bi Mwanaidi alidhani kachoka.

Jioni ya mwisho ndiyo iliyokuwa kilele cha mpango. Bunda la mwisho lilifunguliwa: gauni la satini na kanzu yake. Walikwenda hoteli moja upande wa Raskazone, yenye vitambaa vyeupe mezani na upepo wa bahari. Walipoingia watu waligeuka kuwatazama, maana walipendeza, wazee wawili wa tarizi moja. Bi Mwanaidi alichagua meza ndefu, akamketisha mumewe mwisho huu, yeye akaenda mwisho ule. Akatandika leso yake mapajani, na juu ya leso akatandika mtandio. Akaagiza kuku wa kukaanga, mkavu, na chapati.

Chakula kikaja. Fundi hakukigusa.

Mkewe alimuuliza kama anaumwa. Akatikisa kichwa. Alimuuliza kama kuku hakuiva. Fundi akaiweka mikono yake yote miwili juu ya kitambaa cheupe, ule unaotulia na ule usiotulia, akaitazama.

"Mama Rukia," alisema, "kama unanionea haya, ungeniambia tukiwa nyumbani. Ningekaa huko huko, wewe ukaja na binti yako."

Bi Mwanaidi alisema hamuonei haya.

"Siku tatu hizi umenilisha vikavu kama mtu anayelisha kuku. Unanigeuzia ukutani. Na leo umeniweka huku, wewe umekaa kule. Mimi ni mgonjwa wa mkono, macho yangu mazima."

"Sikuepuki wewe, Baba Rukia," alisema mkewe, na machozi yakaanza kumlenga. "Naliepusha gauni. Hii ndiyo kazi yako ya mwisho. Likiharibika, utanishonea jingine kwa mkono gani?"

Akajuta palepale, lakini neno likishatoka halirudi. Fundi hakukasirika. Alitazama tarizi mwisho wa mkono wa gauni, kazi aliyoijua uzi kwa uzi.

"Gauni hilo nililishona ulivae ukikaa na mimi," alisema. "Sikulishona likutenge nami."

Hapo, wanangu, ndipo Bi Mwanaidi alipoikumbuka dua yake ya hospitali. Aliomba nusu, akapewa zaidi ya nusu. Akaahidi hatauliza, naye siku tatu nzima kazi yake ilikuwa kuuliza, hata kama hakusema kwa mdomo. Mkono ule aliokuwa akiuficha ndio alioulilia usiku na mchana usogee walau kidole kimoja. Ulikuwa hai. Ulikuwa pale juu ya meza, unatetemeka, na mkono wa maiti hautetemeki. Alituambia kuwa shukrani ilimjia kwa nguvu mpaka akaona aibu, na safari hii aibu yenyewe ilimstahili.

Alinyanyuka, akachukua kiti chake, akakiburuza mpaka mwisho wa meza alipokaa Fundi. Hakukiweka kushoto kwa mumewe, kwenye usalama. Alikiweka kulia, bega kwa bega na mkono wenyewe. Leso na mtandio akaviacha kule vilikokuwa. Akamwita mhudumu, akamwambia amletee wali na mchuzi wa changu wa nazi, sahani moja kubwa, na maji ya kunawa.

"Sahani moja au mbili, bibi?" aliuliza mhudumu.

"Moja, mwanangu. Tumeshazoea."

Sahani ikaja inafuka moshi, mchuzi wa manjano umetanda juu ya wali. Wakanawa, wakasema bismillahi. Fundi akakata tonge, akalichovya, akalinyanyua. Mkono ukatetemeka kama ilivyo ada yake, na mchuzi ukamwagika, si kidogo, ukatua barabara juu ya mkono wa gauni la satini, juu ya uzi wa dhahabu. Fundi akausimamisha mkono hewani, tonge halijafika mdomoni, akamtazama mkewe.

"Kula, Baba Rukia," alisema Bi Mwanaidi. "Kinapoa."

Naye akachovya lake.

Mhudumu aliliona doa, akaja mbio na kitambaa cha maji na chumvi, anaomba samahani utadhani yeye ndiye aliyemwaga. Alisema manjano yakikauka kwenye satini hayatoki tena, afadhali bibi asimame kidogo lisuguliwe. Bi Mwanaidi alimshukuru, akamwambia arudishe chumvi yake jikoni, yeye hainuki pale alipo mpaka sahani iwe nyeupe.

"Gauni zuri namna hii, bibi?" mhudumu alisema kwa masikitiko.

"Mwanangu," alisema Bi Mwanaidi, mdomo umejaa wali, "aogopaye mchuzi, karamu humpita. Imenipita siku tatu. Hii siiachi."

Fundi Shekiondo alicheka. Tangu augue hakuwa amecheka hivyo, na kicheko kikautikisa mkono zaidi, na doa la pili likaja kando ya la kwanza. Walikula mpaka wakaramba vidole. Bi Mwanaidi anasema changu yule hakuwa mtamu kumshinda yule wa Ngamiani wa ujana wao, ila kwa utamu alikuwa jirani yake wa karibu.

Waliporudi Lushoto tulikwenda kuwapokea, na mimi ndiye niliyelifungua bunda. Nilipoona doa nilipiga kelele. Nilitaja ndimu, jua, maziwa ya mgando, kila dawa niliyoijua. Bi Mwanaidi alilichukua gauni mikononi mwangu, akanijibu kwa maneno yale yale aliyomjibu mhudumu, kisha akatuhadithia yote mliyoyasikia. Toka hapo hakulirudisha chini ya sanduku. Alilivaa harusini, akalivaa Idi, akalivaa kwenye maulidi, doa likiwa mbele ya watu. Aliyeuliza alijibiwa methali. Waliojibiwa wakawajibu wengine. Ndivyo neno linavyokua.

Waliishi pamoja miaka mingine sita baada ya safari ile, na mara zote nilizoingia nyumbani kwao wakati wa chakula niliwakuta kwenye sahani moja, mke amekaa kulia kwa mumewe. Kisha Fundi akatutoka, kwa usingizi wa kawaida, alhamdulillahi. Bi Mwanaidi alipomaliza eda nilikwenda kumsaidia kuzitoa nguo juani. Akalishika gauni lile, akapitisha kidole kwenye tarizi, halafu kwenye doa. Nilimtazama nikiogopa atalia. Hakulia.

"Mastura," aliniambia, "hii tarizi alikuwa akiwatilia wengi. Doa hili alinitilia mimi peke yangu. Namshukuru Mungu sikulisugua."

Siku hizi gauni liko kwa binti yake Rukia, na mkimwona amelivaa leo jioni ukumbini, msimwambie kuwa limechafuka. Analijua hilo doa kuliko ninyi.

Sasa Lailati, naona umeshakuja mkekani bila kuitwa. Vizuri, mjukuu wangu. Mpisheni dada yenu apate nafasi. Mpeni na kachumbari, na mchuzi wa nyama pia, umimineni mwingi. Gauni limependeza, na aliyelishona ameshonea karamu. Aogopaye mchuzi, karamu humpita.