Mahindi Yaliyofungwa Vitambaa

Paukwa!
Pakawa!

Hapo kale, mlipokuwa bado hamjazaliwa kunisumbua, kulikuwa na mkulima aitwaye Feruzi. Alikuwa na akili nyingi mno. Alilisema hilo mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyelisema.

Kila mavuno Feruzi alichagua mahindi manono kuliko yote, akachoma, akala. Kra, kra, kra! Yale mafupi yenye mapengo akayaita mbegu. Mwaka wa kwanza mahindi yakapungua. Mwaka wa pili yakapungua tena. Mwaka wa tatu yakatoshana na kidole gumba. Feruzi akailaumu ardhi. Akawalaumu ndege. Akamlaumu mkewe, Mwanakheri, eti anapalilia huku amenuna.

Shamba la jirani lilikuwa la shangazi yake, Bi Sikudhani. Yeye alipita mstari kwa mstari mahindi yakiwa mabichi, akitafuta shina lenye nguvu, lisilougua, lenye hindi nene. Akilipata, analifunga kitambaa. Hilo haliguswi mpaka likauke shambani. Kisha analitundika kwenye moshi juu ya jiko, anapukuchua, anachanganya punje na majivu, anazifungia kibuyuni.

Feruzi alicheka mpaka akashika mbavu. Akatangaza kijiji kizima kwamba shangazi anayavisha mahindi kama maharusi, bado hina tu.

Ukaja ukame. Watu wakala akiba, kisha wakala mbegu. Feruzi alikula zake wa kwanza, kwa kuwa mwenye akili hangoji wenzake. Bi Sikudhani alichimba mizizi porini, akakonda, mifupa ikahesabika, na kibuyu kimejaa pale pale jikoni. Hakukigusa.

Mvua ikarudi, pwaa, pwaa, pwaa. Feruzi akalitazama shamba lake lililolowa. Hakuwa na hata punje. Siku tatu alizunguka nyumba ya shangazi yake akijifanya anatafuta kuku. Hakuwa na kuku. Siku ya nne akabisha hodi.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Kuku amepatikana?”

Feruzi akainamisha kichwa. Akaeleza kwamba Mwanakheri ana mimba, naye hajui atamlisha nini.

Bi Sikudhani hakucheka. Akatoa punje kumi kibuyuni, akazifunika kwa jani bichi la mgomba, akamwambia arudi baada ya siku tano. Aliporudi, tisa zilikuwa zimechipua.

“Hii ndiyo mbegu,” akasema shangazi. “Wewe ulikuwa unapanda masazo yako.”

Akammiminia nusu ya kibuyu. Akamwagiza kwamba akivuna, naye ampe mbegu jirani aliyekosa.

Mahindi yakaota, yakasimama. Mwanakheri akajifungua salama. Siku moja Feruzi akasimama mbele ya hindi nene kuliko yote, mate yakimjaa kinywani. Akasimama sana. Mwishowe akachana upindo wa kanzu yake ya sikukuu, akalifunga. Kisha akaenda kuchoma kihindi cha mapengo. Majirani wakamcheka. Feruzi akaendelea kutafuna, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuwafundisha.

Bi Sikudhani alishafariki, lakini wenye kulima bado humtaja wakipita na vitambaa vyao.

Basi, mbegu ni kile kizuri ulichojinyima mwenyewe. Na wewe unayecheka huko nyuma, kaangalie kwanza ulichotenga nyumbani. Hadithi yangu imekomea hapo. Anayetaka zaidi, akalime.