Kipande cha Pili

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Maana yake, jambo haliji bila kutanguliwa na ishara. Tabu ni kwamba mtu anaweza kuyaona mawingu na bado akaanika kahawa yake uani.

Pulkeria, mke wa Mutalemwa wa Songambele, alianika. Shangazi yake Kokuberwa, kikongwe kipofu aliyewalea yeye na mdogo wake Clavery baada ya mama yao kufariki, aliishi Nyakatuntu nyumbani kwa Clavery. Kila Pulkeria alipokwenda alimkuta amekonda zaidi, kama mgomba wa kiangazi.

"Uzee huo, dada," Clavery alimwambia.

Mlango wa chumba cha kikongwe ulikuwa na komeo kwa nje.

"Asije akatoka akatumbukia shimoni."

Pulkeria akaridhika. Clavery alikuwa mwalimu wa kwaya. Nani angemshuku mtu anayemsifu Mungu kwa sauti ile?

Siku moja alimkuta mchungaji amekuja kumpa kikongwe Chakula cha Bwana. Kokuberwa alipokea kipande cha mkate, akakimeza kabla sala haijaisha, kisha akapapasa hewani.

"Baba mchungaji, niongeze."

"Shangazi naye anadhani yuko harusini," Clavery alisema.

Waumini waliofuatana na mchungaji wakacheka, hata mchungaji mwenyewe. Pulkeria naye alianza kucheka, kisha akautazama mkono ule uliokuwa ukipapasa. Mkono wa sweta ulikuwa umeteleza hadi kwenye kiwiko, na pale kwenye kifundo cha mkono, ngozi ilikuwa na mchubuko uliozunguka mkono mzima. Ilikuwa alama ya kamba.

Wengine walipotoka kumsindikiza mchungaji, yeye alibaki, akijifanya anamfunga shangazi kitambaa.

"Shangazi, umekula lini?"

"Sema polepole, mwanangu. Maneno yakitoka nje, atanifunga tena."

Pulkeria alitoka hadi migombani akampigia simu mumewe.

"Mambo haya yaishie nyumbani," Mutalemwa alisema. "Jumapili tutaita kikao cha ukoo. Au unataka kumpeleka polisi ndugu yako wa tumbo moja?"

"Kikao ni Jumapili, baba watoto. Shangazi atakula nini mpaka Jumapili?"

Pulkeria akakata simu, akapiga magoti palepale kwenye majani makavu. Hakumwomba Mungu amwonyeshe, kwa maana alikwisha kuonyeshwa. Aliomba nguvu za miguu tu. Alipoinuka alikwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji, naye akawaita afisa ustawi wa jamii na polisi. Pulkeria aliwaeleza yote, pamoja na yale aliyoyaona zamani akayanyamazia.

Clavery alipokuwa akipandishwa garini alimgeukia.

"Dada, umeniua."

"Nimekuzuia usiue," alijibu, na machozi yalimtoka, kwa kuwa alikuwa amembeba mgongoni mtu huyu alipokuwa mchanga.

Hospitalini, mganga alisema kuwa siku chache zaidi zingetosha kumzika kikongwe. Pulkeria alimnywesha uji taratibu mpaka kikombe kikaisha. Mkono ukapapasa hewani.

"Niongeze."

Safari hii hakuna aliyecheka. Pulkeria alimwongeza, huku akilikumbuka lile komeo la nje na ule mwili uliokuwa ukikonda mbele ya macho yake. Mawingu yalikuwa yametanda siku zote hizo. Hakika, dalili ya mvua ni mawingu.