Wali wa Hitima ya Bi Kidawa

"Wali wa hitima haumshibishi marehemu." Methali hii mliisikia jana mkacheka, mkadhani ni mzaha wa walafi. Si mzaha hata kidogo. Mnataka kujua ilitoka wapi. Haya, nitawaambia, ila asicheke mtu, maana kisa chenyewe hunitia hasira mpaka leo.

Bi Kidawa alikuwa mpishi na mkaribishaji katika hoteli ya Bwana Mabruki, pale stendi ya zamani. Msafiri hajatua hata mzigo, Kidawa ameshafika na birika na bakuli, anamnawisha: "Karibu mwanangu, pole na safari." Asiye na kitu alikula sawa na mwenye nacho. Mgonjwa akipita, alikorogewa uji wake peke yake. Kidawa mwenyewe alikula ukoko, tena amesimama, wageni wakishashiba. Mji mzima ulilishwa na mikono ile.

Kisha akaugua, akalala chumbani kwake nyuma ya hoteli. Hapo ndipo mji wetu ulipofanya upumbavu wake. Kwetu watu husema mpishi hafi njaa. Basi majirani wakasema, "Yuko hotelini, atakosaje chakula?" Naye Mabruki akasema, "Ana majirani tele, watamtazama." Kila mmoja akamtegea mwenzake. Waliokwenda kumjulia hali walikwenda mikono mitupu, na Kidawa, kwa haya zake, ndiye aliyewauliza wao kama wamekula! Wakajibu wamekula, wakaaga. Hivi watu wazima hawaoni?

Dada yake, Mwantumu, alipofika kutoka shamba, alimkuta hawezi kuinua kikombe, na jivu la mekoni mwake limepoa kitambo. Kidawa akamwomba uji wa chumvi tu, naye Mwantumu akakimbilia kuwasha moto. Uji haujachemka, Kidawa akakata roho.

Siku ya hitima, mngewaona! Mabruki alichinja ng'ombe. Wale wale walioshindwa kukoroga uji walileta masinia ya wali, mchuzi unaelea samli. Kisomo kilipokwisha, Mabruki akasimama.

"Marehemu alikuwa mama yetu sote. Kuleni, ndiyo heshima yake."

Mwantumu akatoka upande wa wanawake, akasimama mbele ya sinia la kwanza.

"Msile!"

"Dada, tulia. Huu ni wali wa dada yako."

"Wa dada yangu? Basi mpelekeeni kaburini, mwamsheni ale! Aliomba uji, Bwana Mabruki. Uji wa chumvi tu. Masinia haya yalikuwa wapi?"

"Tulidhani..."

"Mlidhani! Wali wa hitima haumshibishi marehemu. Na Shebe, mfagiaji wako, anayekohoa humo ndani tangu juzi, leo amekula nini? Au mnangoja naye afe ndipo mchinje?"

Hakuna aliyejua. Mwantumu akapakua wali sahani moja, akaumwagia mchuzi, akampelekea Shebe. Waliobaki walikaa na mikono yao iliyokwisha kunawa, tonge haligusiki. Ng'ombe mzima akapoa mbele yao, na walistahili.

Shebe alipona, akaishi miaka mingi. Kidawa yuko chini ya udongo. Mkimpenda mtu, mpelekeeni bakuli angali anaweza kulishika, msije mkanililia mimi hapa na masinia. Wali wa hitima haumshibishi marehemu.