Jina Kabla Bando Halijaisha

Hapo zamani, na msidhani ni mbali, ni zamani za juzi tu, Bi Mwanakheri wa Tanga alisafiri hadi Istanbul kununua vitambaa. Alifuatana na wenzake watatu: Zaituni, Hidaya na Mwamvita. Nyumbani alimwacha binti yake mjamzito, na kwao jina la mjukuu wa kwanza hulitoa bibi mzaa mama, kwa kinywa chake, siku ya saba kabla ya alasiri. Akichelewa, haki inahamia kwa wakwe. Na wakwe, nawaambieni, jina walikuwa nalo tayari.

Zaituni aliulizia mapema. Akaambiwa laini ya nyumbani ukiivusha mpaka inameza salio kama mchanga unavyomeza maji. Basi akanunua mtandaoni laini ya wasafiri, isiyo na kadi, yenye bando nafuu, akawa anawarushia wenzake mtandao kutoka simu yake. Kwa bando hilo habari ikafika: mtoto wa kike. Bi Mwanakheri akalia kwa furaha, akaapa, "Atakayenifikisha kwenye shughuli ya jina, mtoto ataitwa jina lake."

Siku ya saba, wakiwa duka la vitambaa, akapiga simu ya video. Nanyi mnatujua sisi. Akamsalimu dada yake, dada akampa simu mjomba, mjomba akaulizia baridi ya huko, simu ikazungushwa ukumbi mzima, hata mpishi wa pilau akataka kuonekana. Bando likaisha, jina halijatajwa. Zaituni akajaribu kuongeza, malipo yakakataa.

Hidaya alikuwa akifungiwa mahameli, jora la mwisho, na mnunuzi mwingine kasimama mlangoni. Akaliacha. Akakimbia vichochoro vitatu, akaonyesha pasipoti, akapatana bei kwa vidole, akarudi na laini ya huko huko yenye bando dogo. Jora lilikuwa limeshakwenda.

Simu ikashika. Dada mtu akaanza upya: habari za huko, na hao wenzako hawajambo? Bi Mwanakheri, mtu wa adabu zake, akaitikia. Ndipo Mwamvita, mdogo kuliko wote, akampokonya simu, akamwambia dada mtu:

"Bi mkubwa, salamu nitakuletea mwenyewe mpaka mlangoni. Jina kwanza."

Bi Mwanakheri aliona aibu, lakini kule ukumbini shehe akaisogelea simu akasema, "Tunakusikiliza, mama."

Kabla hajalitaja, Zaituni akasema, "Bila bando langu usingejua hata kama amezaliwa."

Hidaya akasema, "Lako liliisha. Mimi nimepoteza mali yangu."

Mwamvita akasema, "Na hilo la pili lingeliwa na salamu kama la kwanza. Nimekosa adabu kwa ajili yako."

Sasa, jamani, mwadhini anasafisha koo, bando linateketea, na wakwe wanatabasamu. Msianze kunisalimu. Semeni upesi: je, mtoto aitwe nani?