Masinia Yaliyorudi Safi

Bwana mmoja, jina lake Nasibu, alikuwa na nyumba ya kulishia wasafiri ukingoni mwa nyika. Ng'ambo ya nyika kulikuwa na mji wenye kazi na maisha, na kila kijana aliyetaka kuwa mtu alitaka kufika huko. Lakini njia ilikuwa ndefu na kavu, haina kisima wala kivuli. Kwa hiyo Bwana Nasibu aliweka sharti: hapiti mtu lango la kuingilia nyikani mpaka ale kwanza. Msafiri atapewa sinia la wali, akimaliza atamwonyesha bawabu sinia tupu, naye bawabu atamfungulia. Lilikuwa sharti la mtu mwenye huruma. Nani angelilaumu?

Mpishi mkuu wa nyumba ile aliitwa Bi Mwanamvua. Alikuwa hodari kwelikweli, tusimwonee. Alipika katika ua wa ndani pamoja na wenzake, na wali ulitolewa nje kwa kidirisha, kwa kuwa haikuwa desturi ya nyumba ile mpishi kukaa na wageni akawatazama wakila. Alichokiona yeye ni masinia tu: yanakwenda yamejaa, yanarudi safi. Akiyapokea moyo wake ulitulia, akawaambia wenzake, "Haya, wameshiba." Kisha wao wenyewe wakaenda kula makwao.

Kila mwaka, msimu wa safari ulipofunguliwa, Bwana Nasibu aliwakaribisha wapishi wake kwa heshima kubwa. Palikuwa na udi, halua, doti za kanga, na hotuba. Ah, hotuba! Hilo nyinyi walimu wenzangu hamhitaji kusimuliwa. Na mpishi aliyetumika miaka mingi alitunukiwa kijaluba cha fedha, ndani yake mna tambuu, popoo, chokaa na tumbaku kali. Kutafuna tambuu ya Bwana Nasibu ndiyo ilikuwa alama ya mpishi mkubwa. Bi Mwanamvua aliitafuna asubuhi, akaitafuna mchana, akapika huku shavu limevimba. Akitaka kuonja wali huisogeza tambuu upande mmoja, akaonjea upande wa pili. Sasa mdomo ulioshinda na chokaa na tumbaku hufa ganzi, hata kama mwenyewe hana habari. "Chumvi haijakolea," husema, akaongeza. Mwenzake naye, shavu limevimba vilevile, huja nyuma yake akaonja, akaongeza.

Mnacheka? Chekeni sasa hivi, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Kila mwaka pia zililetwa habari za vijana waliokutwa wamekufa nyikani. Wapishi walisikitika, hata machozi waliyatoa. Halafu wakasema, "Vijana wa siku hizi wamelegea mno. Mbona sisi ujanani tulivuka nyika hiyo hiyo, tukafika na tukarudi?" Wakashika miiko yao wakaendelea na kazi.

Mwaka mmoja, siku ya kufungua msimu, wasafiri wa kwanza walikuwa wameshapewa masinia yao, na huko uani hotuba imepamba moto. Bi Mwanamvua alijua kwamba anakaribia kuitwa mbele, na hakutaka kusimama mbele ya watu na mate mekundu mdomoni. Akainuka taratibu, akatokea mlango wa nyuma, akauzunguka ukuta wa nje atafute mahali pa kutema.

Alipofika nyuma ya ukuta, alisahau hata kutema.

Vijana walikuwa wamechutama wengi, wanafukua mchanga kwa mikono. Wanamwaga wali wake shimoni, wanaufukia, kisha wanayasugua masinia kwa mchanga mpaka yanang'aa. Wala hawakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Kila walipochimba, chini palitoka wali mwingine, mkavu, mgumu, wa misimu iliyopita, tabaka juu ya tabaka. Kunguru walikuwa wamejaa ukutani, na hata mmoja hakushuka kuugusa.

"Yarabi toba!" Bi Mwanamvua alipiga kelele. "Mnamwaga chakula? Chakula changu mimi?"

Wengine walikurupuka wakakimbia na masinia yao. Msichana mmoja alibaki, kibuyu chake cha maji kikining'inia begani. Alimtazama yule mama mwenye kanga mpya, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi. Tusamehe," alisema. "Langoni haulizwi mtu kama ameshiba, hutazamwa sinia. Mwaka jana kaka yangu aliula wali huu wote, kwa adabu yake, akaingia nyikani na chumvi yake tumboni. Kiu ilimuua. Wanaofika, bibi, ni wale wanaomwaga."

Bi Mwanamvua hakuamini. Angeaminije? Alitema tambuu yote, akamwomba yule msichana maji. Msichana alisita, maana maji yale yalikuwa ya safari, lakini akammiminia. Bi Mwanamvua akasukutua. Akasukutua tena, mpaka maji yaliyotoka yakawa meupe. Kisha akachota tonge moja la wali wake mwenyewe akalitia kinywani.

Masalale! Haukuwa wali ule, ilikuwa chumvi iliyotiwa wali kidogo. Ulimi wake ulijikunja, koo likakataa, akautema mchangani. Akaketi palepale chini, mbele ya yule msichana, akahesabu moyoni si masinia bali watu. Watundu, wale waliodanganya, walivuka salama. Waliokufa ni wale wasikivu, waliosadiki kwamba anayekupa chakula anajua anachokupa. Kumbe wale wazuri kuliko wote ndio aliowaua.

Kutoka uani alisikia jina lake linatajwa. "Bi Mwanamvua! Nguzo ya nyumba hii!" Vigelegele vikapigwa.

Akainuka kwa taabu. Akalichukua sinia la yule msichana, likiwa bado na wali, akaingia nalo hadi katikati ya shughuli. Hakumwamkia mtu. Alilitua mbele ya wapishi wenzake, akawaashiria waonje. Wakatazamana, wakadhani ni jambo jipya lililoongezwa kwenye sherehe. Wakachota, kila mmoja na shavu lake lililovimba, wakatafuna polepole kama watu wanaotoa hukumu.

"Mzuri, mashallah," alisema mmoja wao. "Labda chumvi. Ingeongezwa kidogo tu."

Na wote wakatikisa vichwa kukubali, Bwana Nasibu mwenyewe akiwamo.

Hapo ndipo Bi Mwanamvua alipogutuka. Vijana langoni! Alitoka mbio, mama yule mzito, kanga inaburura nyuma yake na watu wanamwita asiwaaibishe mbele ya wageni. Alimkuta bawabu ameegemea lango lililo wazi, uso wake umejaa furaha ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

"Wamepita?" aliuliza, akihema.

"Wamepita, bibi. Tena wale wa mbele kabisa wana heshima! Nimewaona kwa macho yangu mwenyewe wakila mpaka punje ya mwisho. Wameniambia nikupe shukrani."

Bi Mwanamvua alitazama nyikani. Aliwaona kwa mbali, wadogo, wanatembea kwa haraka na kwa matumaini. Akawaita. Akawaita tena mpaka sauti ikamkauka. Mmoja wao aligeuka, akadhani anaagwa, akampungia mkono, akaendelea na safari.

Walimu wenzangu, karibuni, mwaka umefunguliwa. Sitawauliza wangapi walipita kwa mikono yetu, maana hilo tunalijua na tunalitangaza. Nauliza hivi: yule aliyekuamini, akameza kila ulichompa asiache hata kidogo, yuko wapi leo?