Mtaala Uliotiwa Muhuri

Palikuwa na sultani aliyeitwa Mwinyishaha, mwenye kasri la vyumba arobaini na kompyuta arobaini, wala hapakuwa na hata moja iliyosemezana na mwenzake. Basi akamwagiza Mwanakheri binti Shaame, fundi wa kompyuta wa kibarazani, amwandalie mtaala wa chuo cha mafundi wa mitandao.

Mwanakheri akauleta. Mwaka wa kwanza: kuvuta nyaya, kuunganisha mashine, kutafuta hitilafu. Mwaka wa pili: kuwahudumia watumiaji, ikiwemo miezi mitatu mizima ya kumsikiliza kwa adabu mkubwa anayeapa kwamba hakugusa kitu.

"Miaka miwili?" akauliza Sultani. "Idi mosi napokea wageni. Nataka kuwaonyesha wahitimu wenye majoho."

"Ramadhani yaanza kesho, Mtukufu. Zimebaki siku thelathini."

"Zatosha. Mwalimu mmoja, miezi ishirini na minne. Walimu ishirini na wanne, mwezi mmoja."

"Na mwanafunzi atakuwa na vichwa vingapi?"

"Kimoja, chenye masikio mawili. Ukishindwa, utahama mji huu, na kibaraza chako nitampa waziri afugie njiwa."

Mwanakheri alizaliwa katika mji ule, na kaburi la mamaye lilikuwa mle. Akajua pia kwamba kubishana na hesabu ya mwenye enzi ni kutwanga maji kinuni.

"Nimeielewa, Mtukufu. Naomba tu iandikwe: muda wowote ukigawanywa kwa watu wengi, hupungua kwa idadi yao."

Kadhi wa kasri, aliyeketi kando, akaandika. Sultani akagonga muhuri wa pete yake.

Siku ya pili ya Ramadhani, jua la utosini, ngoma za Idi zikalia mbele ya kasri. Sultani akatoka na kadhi nyuma yake, midomo imemkauka kwa saumu. Akamkuta Mwanakheri na majirani ishirini na tisa, wote wamevaa nguo mpya.

"We mwanamke, una wazimu? Mwezi umeandama lini?"

"Jana tulifunga watu thelathini, Mtukufu, kila mtu siku moja. Jumla, siku thelathini. Idi njema. Hati yenye muhuri wako hii hapa."

Kadhi akakohoa, akatazama viatu vyake.

"Upuuzi," akanguruma Sultani. "Saumu haigawanywi. Kila mtu sharti azipitie siku zake mwenyewe, moja baada ya moja, hata zitimie."

Mwanakheri akamwekea kadhi mikononi mtaala wake wa miaka miwili, na kalamu juu yake.

"Sheikh, yaandike maneno hayo ukurasa wa kwanza, kama yalivyotamkwa. Pete ya muhuri, naona, Mtukufu ameivaa."