Msaragambo wa Kusubiri Theluji

Hadithi ije!
— Ije na shuka, huko inakotoka kuna baridi!
Ikija tuiweke wapi?
— Katikati, sisi tuizunguke!
Na atakayesinzia?
— Aote yake!

Haya, mmesema wenyewe. Hadithi hii wapo wanaoisimulia, lakini wanaiharibu. Wanamtia Sungura ndani, utafikiri Sungura alinunua ngano zote za nchi hii. Sungura hayumo. Huko juu angeganda masikio. Kaeni mpate ile yenyewe, tena kwa anayeijua.

Juu kabisa mlimani, kule ambako miti imeshindwa kuota, yamebaki mawe na majani magumu tu, palikuwa na chama. Chama kizima kilikuwa na wanachama watatu. Mwenyekiti alikuwa Mama Pimbi, mfupi, mnene, kiuno kinamuuma. Katibu alikuwa Mzee Fuko, ambaye haoni wala hajui kuandika, kwa hiyo hakuwahi kukosea hata herufi moja. Wa tatu alikuwa Kinyonga, mjumbe wa mawingu: jicho moja njiani, jicho moja angani, na miguu inajadiliana kama isogee au iahirishe.

Kazi ya chama ilikuwa moja, kutunza njia ya kuserereka. Theluji ikianguka unakalia gome la mti, unajisukuma, srrrrrr! kutoka kwenye miamba ya juu mpaka chini kwenye majani laini. Mama Pimbi aliwahi kuserereka alipokuwa kigoli, na tangu siku hiyo kila chakula alichokula alikilinganisha na siku ile, kikashindwa.

Tatizo, theluji ya huko ina maringo. Inaanguka alfajiri, inakaa asubuhi moja, jua likipanda imekwenda. Ikikukuta njia yako imejaa mawe, basi, utakaa pembeni uitazame inavyoyeyuka. Ndiyo maana kila siku kabla ya jua Mama Pimbi alipanda juu ya mwamba akapiga yowe la msaragambo: "Kwiii! Kwiii! Kwiii!" Msaragambo mnaujua, kazi ya wote, na sheria yake ni moja: asiyebeba jiwe haserereki. Walikuwa watatu, lakini waliitana kama kata nzima.

"Mjumbe, mawingu?"

"Yapo, Mama Mwenyekiti."

"Theluji?"

"Haipo."

"Basi tubebe mawe."

Goro, goro, goro. Wanabeba mawe. Usiku upepo unayarudisha. Asubuhi wanabeba tena.

Mwaka wa kwanza theluji haikuja. Mwaka wa pili haikuja. Mwaka wa tatu ilikuja mvua ya mawe, ikawapiga vichwani, ikaondoka bila hata kuaga. Huu ulikuwa wa nne. Asubuhi moja Mama Pimbi aliamka amechoka, kama mtu aliyebeba mawe ndotoni pia. Akajiambia, "Mwaka huu wa mwisho. Niserereke mara moja tu, halafu namwachia uenyekiti yeyote anayeutaka. Nisiposerereka namwachia vilevile, ila kwa hasira."

Asubuhi hiyohiyo akaja Nyati.

Pu! Pu! Pu! Katoka msituni, kafuata majani ya juu. Kwato zake zikazama njiani, mashimo. Pembe zake zikachokonoa ukingo, mawe yakaporomoka, goro goro goro, kazi ya mwezi mzima ikarudi mahali pake. Kisha akajibwaga katikati ya njia, akageukageuka kwenye tope, akatulia.

Mama Pimbi akashuka taratibu, mkono kiunoni.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Mff! Nani anaongea? Jiwe?"

"Mimi hapa chini. Karibu na kwato yako."

"Aaa, kipande cha panya! Unasemaje?"

"Umelala kwenye njia yetu."

"Yenu? Nani kailalia?"

"Wewe."

"Basi ya nani?"

Nyati akanyanyua shingo, akatazama huku na huku. "Majani yale?" akauliza. Akajijibu, "Yangu. Kijito kile? Changu. Mwamba ule? Wangu. Na wewe usipoondoka nitakukalia, utakuwa wangu."

Siku ya pili wakatoa mawe, Nyati akapita, pu pu pu, yakarudi. Siku ya tatu wakafukia mashimo, Nyati akapita, pu pu pu, yakafukuka. Siku ya nne Mama Pimbi akapanda juu ya mwamba wake, akafungua mdomo apige yowe, yowe halikutoka. Akafunga mdomo. Akakaa.

Watu wanasema Mama Pimbi alikuwa mjanja. Si kweli. Alikuwa amechoka. Kiuno kiligoma, na kiuno kikigoma akili inalazimika kutafuta njia nyingine. Mwenye kiuno kizima hajawahi kubuni chochote, jitazameni nyie.

"We kipande cha panya!" Nyati akaita kutoka chini. "Mbona leo hakuna makelele?"

"Leo tumepumzika, Bwana Nyati."

"Kwa nini?"

"Mjumbe anasema mawingu yamekuwa mazito. Theluji iko karibu."

"Theluji ndiyo nini?"

"Kitu cheupe. Kinashuka kutoka mbinguni."

"Kinaliwa?"

"Ukitaka."

"Kingi?"

Mama Pimbi akapiga miayo. Miayo ya kweli, hakuigiza. "Kinafunika mlima wote," akasema.

Nyati akasimama. "Changu!"

"Hapana, Bwana Nyati, hilo haliwezekani. Theluji inakwenda kwa msaragambo. Aliyebeba mawe mengi ndiye mwenye theluji. Sisi tumebeba miaka minne, wewe hujabeba hata moja. Ukitaka kutushinda ubebe yote yaliyobaki, na hayo hakuna wa kuyabeba. Mazito mno."

"Mazito kwa nani?"

"Kwa kila mtu. Tafadhali usiyaguse. Utatudhulumu."

Mff! Nyati akatia pembe chini ya jiwe lililowashinda tangu mwaka wa kwanza. Grrrm! Likatoka. Akatia pembe kwenye la pili. Grrrm! La tatu. Grrrm! La nne likaruka likapotelea bondeni.

Mzee Fuko akatoa pua shimoni. "Mama, nasikia vibaya, au anabeba?"

"Anabeba, Mzee."

"Kweli?"

"Kweli."

"Usiongee basi. Niache nisikilize."

Wakakaa watatu juani, migongo kwenye mwamba, wakisikiliza mtu mwingine akifanya kazi. Kinyonga akabadilika rangi kwa furaha, ikamchukua mpaka mchana. Kila Nyati alipopunguza kasi, Mama Pimbi alinyoosha mkono akaokota kokoto moja.

"Weka chini!" Nyati akafoka. "Mwizi! Langu hilo!"

"Samahani, Bwana Nyati." Akaliweka. Grrrm, grrrm, kazi ikaendelea.

Siku ya tatu ya kazi yake Nyati akafika kwenye kona. Hapo chini njia ilikata kushoto kwenda kwenye majani laini. Mbele moja kwa moja kulikuwa na mteremko wa msituni. Kwenye kona chama kilikuwa kimeacha safu ya majani magumu, makusudi.

"Haya majani takataka ya nini?" Nyati akauliza.

Mama Pimbi akamwambia ukweli. Andikeni hilo mahali. Alisema, "Hayo tumeyaacha yapunguze mwendo. Na hapo unakata kushoto. Usiyang'oe."

"Yanapunguza mwendo wa nani?"

"Wa anayeserereka."

"Mimi? Nipunguzwe mwendo na majani?" Akayang'oa, akayala, kwacha kwacha kwacha. Kisha akashusha pembe, akafyeka mbele, akanyoosha njia moja kwa moja mpaka mwanzo wa msitu. "Njia ya mwanamume haina kona," akasema, akalala juu ya njia hiyo, akabingirika kutoka juu hadi chini kuisawazisha, mpaka udongo ukang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.

Mama Pimbi alitaka kurudia onyo. Akalitafakari, akaona ameshalisema mara moja, na mara ya pili ingehitaji pumzi.

Baada ya hapo Nyati akapanda juu kwenye miamba, akasubiri. Akaacha kwenda kula mbali, asije akaibiwa theluji yake. Asubuhi Mama Pimbi alikuwa bado amelala, analala mpaka jua limuwashe masikio, alipomsikia akiuliza.

"Mjumbe, mawingu?"

"Yapo, Bwana Nyati."

"Theluji?"

"Haipo."

"Sasa nifanye nini?"

Kinyonga akafikiri, akafikiri. "Beba mawe," akasema.

Goro, goro, goro.

Siku tano. Siku nane. Mbavu za Nyati zikaanza kuhesabika. Siku ya kumi hakusema "changu" hata mara moja, alikaa tu anatazama juu, mdomo wazi. Mama Pimbi akamwangalia, akamwonea huruma kidogo, kwa kuwa ugonjwa ule aliujua. Karibu amwambie, "Shuka, baba, nenda ukale, kitu hiki kinaua taratibu." Kisha kiuno kikamkumbusha, akaghairi.

Siku ya kumi na moja, alfajiri, hapakusikika upepo. Hapakusikika kitu. Mama Pimbi akatoa pua nje, ikalowa. Kweupe. Juu kweupe, chini kweupe, mwamba mweupe, Nyati mweupe isipokuwa macho.

"Yangu!" Nyati akanguruma, sauti imepasuka kwa njaa. "Yote! Kuanzia hapa mpaka inapoishia!"

"Ni yako," akasema Mama Pimbi. "Umeibebea mawe, hakuna wa kukupinga."

"Naichukuaje?"

"Unaikalia."

Nyati akakalia.

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha ikaanza polepole, srr. Srrr. Srrrrrrrrr! Nyati akapita kwenye mwamba wa Mama Pimbi, pembe juu, miguu minne mbele, uso wa mtu aliyesahau kuuliza swali. Akafika penye kona. Hapakuwa na kona, aliinyoosha mwenyewe. Akapita. Msitu ukaitika: kwaa! pwata! kwaa! pwata! Akatoka upande wa pili, akapasua migomba ya watu, akatumbukia kwenye mfereji wa maji, puuu! akasimama.

Palikuwa na bibi mmoja anakata majani ya ng'ombe. Akamtazama Nyati, akatazama theluji mgongoni mwake. "Jamani," akasema, "na huyu naye katumwa na nani?" Akaita mbwa. Nyati akaondoka mbio kuelekea tambarare, kwenye joto, na mlimani hakuonekana tena.

Huko juu Mama Pimbi alikuwa ameshakalia gome lake. Akajisukuma. Srrrrrr! Upepo ukamvuta mashavu mpaka nyuma ya masikio, mlima ukamjia, kiuno hakikuuma kabisa, akafika palipokuwa na kona akachomeka kisigino, akakata kushoto, akatua kwenye majani laini, pwa. Nyuma yake Mzee Fuko akashuka akipiga kelele, "Niko wapi? Niko wapi?" akatua juu yake.

Wakalala chali.

"Ndiyo hiyo tu?" akauliza Mzee Fuko.

"Ndiyo hiyo tu."

"Miaka minne?"

"Miaka minne."

Mzee Fuko akahema. "Nzuri lakini."

"Nzuri sana," akasema Mama Pimbi, na machozi yalimtoka, ya baridi au ya nini sijui, mwulizeni mwenyewe. Akafumba macho. Alikuwa amepata. Sasa astaafu. Uenyekiti alikwishauweka chini, pale kwenye majani, mwepesi kabisa.

Jua likapanda. Theluji ikaanza kudondoka kwenye mawe, to, to, to. Mchana njia ilikuwa tope, na kingo zote mbili, zilizolegezwa na ubavu wa Nyati, zilikuwa zimeporomoka theluji ilipoyeyuka: mawe juu ya mawe, makubwa kuliko ya kwanza, na wa kuyabeba ameshakimbia.

Hapo ndipo Mama Pimbi aliposikia sauti ndogo kutoka juu kabisa, kwenye miamba, mwanzo wa njia. Alikuwa Kinyonga. Alianza kupanda theluji ilipoanguka, gome lake mgongoni, hatua moja, akiifikiria ya pili. Ndiyo kwanza amefika. Alikuwa ameliweka gome vizuri, amelikalia, ameshika pande zote mbili. Majicho yake mawili kwa mara ya kwanza yalikuwa yanatazama upande mmoja.

"Mama Mwenyekiti!" akaita. "Niko tayari! Ni zamu yangu?"

Mzee Fuko akarudi shimoni kimyakimya.

Mama Pimbi akamtazama Kinyonga. Akatazama tope. Akakumbuka ni nani aliyebeba mawe miaka minne bila kukosa siku hata moja, hata kama alibeba moja kwa siku.

"Mwakani, mwanangu," akasema. Akainama, akashika jiwe la kwanza.

Funzo lake, kwa wale wasioelewa mpaka watafuniwe: watoto, fanyeni kazi kwa bidii, msisinzie mchana, msisikilize maneno ya wachovu kuhusu kona. Mfano wenu ni Nyati. Alibeba mawe kuliko wote, akafunga siku kumi na moja, na mpaka leo hakuna aliyeserereka mbali kumzidi.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda aende nayo kwao.
— Na ambaye hakuipenda?
Atunge ya kwake, tumwone.